Pimeni Namna Faida Inavyopatikana: Barua ya Wazi kwa Bodi za Kampuni na Wasimamizi wa Masoko ya Mitaji

Kwa wenyeviti na wajumbe wa bodi za wakurugenzi, watendaji wakuu wa kampuni, na mamlaka zinazosimamia masoko ya mitaji.

YAH: TATHMINI YA UWAJIBIKAJI WA KAMPUNI KWA JAMII NA UENDELEVU WA BIASHARA

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa ripoti za uwajibikaji na uendelevu. Nilianza kwa kuziandika, nikahamia upande wa kuzihakiki, na kwa kipindi fulani nikawa miongoni mwa wanaozisoma kwa niaba ya wawekezaji kabla fedha hazijatolewa. Ninawaandikia hadharani kwa sababu jambo ninalotaka kulisema linawahusu pia watu ambao barua za ofisini haziwafikii: wafanyakazi wa wakandarasi wenu, majirani wa viwanda na migodi yenu, na wale watakaoitumia ardhi hii na maji haya baada yetu. Jambo lenyewe ni hili: tathmini tunayoifanya leo hushughulika zaidi na namna kampuni inavyotumia sehemu ndogo ya faida yake kuliko namna faida yote ilivyopatikana, na anayepima huchaguliwa na kulipwa na yule anayepimwa. Nimeshiriki katika utaratibu huo, nimeyaona matokeo yake, na ninaomba mwenye mamlaka ya kuubadilisha aubadilishe.

Ukifungua ripoti ya kawaida, kurasa za mbele zina madarasa yaliyojengwa, visima vilivyochimbwa, miche iliyopandwa, vitanda vya hospitali vilivyokabidhiwa, na mwishoni idadi ya walionufaika. Sivibezi vitu hivi hata kidogo, kwa maana mtoto aliyepata dawati hana sababu ya kuhoji nia ya aliyelitoa. Lakini msaada ni jambo moja na uwajibikaji ni jambo jingine, na suala hili lilikwisha kuamuliwa. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, iliyoidhinishwa na Baraza la Haki za Binadamu mwezi Juni 2011, inaeleza kwamba kampuni inaweza kufanya mema mengine kwa hiari yake, ila mema hayo hayafidii kushindwa kwake kuheshimu haki za watu katika shughuli zake. Zaidi ya miaka kumi imepita na bado tunajumlisha na kutoa, kana kwamba kisima kilichochimbwa ng'ambo hii ya mto kinafuta maji machafu yanayomwagwa ng'ambo ile.

Hata sheria zilizotungwa kwa nia njema zimelea mazoea haya. Kifungu cha 135 cha Sheria ya Kampuni ya India ya mwaka 2013 kinazitaka kampuni zilizofikia ukubwa fulani zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida halisi ya miaka 3 iliyotangulia katika shughuli za kijamii, na kanuni zake zinaeleza kuwa shughuli za kawaida za biashara hazihesabiwi humo. Elimu na afya zimepata fedha nyingi kwa sababu ya sheria hiyo, nami naiheshimu. Tazameni hata hivyo kilichobaki nje ya mizani: asilimia 98 nyingine, pamoja na mishahara, saa za kazi, taka na mikataba ya ununuzi iliyoizalisha. Mambo hayo yana sheria zake, lakini neno lenyewe, uwajibikaji, limebaki upande wa zile asilimia 2, na watu wamezoea kulitafuta huko tu.

Niruhusuni nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, uongozi ulijulishwa tarehe ya ukaguzi wetu wiki 3 kabla, kama mkataba ulivyotaka. Tulipoingia katika chumba cha kuchanganyia rangi, kila mfanyakazi alikuwa amevaa glovu na barakoa. Fomu yangu ilikuwa na kisanduku cha kuweka alama ya vema kwa ajili ya vifaa vya kinga, nikaiweka. Nilipomsogelea mama mmoja aliyekuwa akikoroga pipa, niliona kwamba glovu zake bado zilikuwa na mikunjo ya boksi, mistari miwili iliyonyooka kutoka kifundoni mpaka vidoleni. Na pale glovu ilipoishia, mkono wake ulikuwa umebabuka, una mabaka meupe ambayo hayakuanza wiki ile. Niliomba tuzungumze. Orodha ya watu wa kuhojiwa ilikuwa imeandaliwa na ofisi ya utumishi na jina lake halikuwamo, hivyo tulipewa dakika chache, msimamizi wake akiwa amesimama mlangoni. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, jina langu litaandikwa humo?" Nikamwambia hapana. Hapo akasema, kwa sauti ambayo msimamizi aliisikia vizuri, kwamba kazi ni nzuri na glovu zipo. Ripoti yetu iliandika kuwa vifaa vya kinga vinapatikana na vinatumika. Kila neno katika sentensi hiyo lilikuwa la kweli kwa muda wa saa mbili tulizokaa mle, na saini iliyo chini yake ni yangu.

Kuna mahali ambapo sentensi kama hiyo iliandikwa na gharama yake ikawa kubwa kuliko ngozi ya mkono. Tarehe 11 Septemba 2012 moto uliteketeza kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistani, na zaidi ya watu 250 wakafariki. Wiki chache kabla, kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000, ambacho ni miongoni mwa vyeti vinavyoheshimika zaidi kuhusu hali za wafanyakazi. Baadaye mahakama iliwatia watu hatiani kwa kuuwasha moto huo makusudi. Hata hivyo madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa, na nondo hazifungwi kwa usiku mmoja. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza nje ya Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na wafanyakazi wa viwanda vya nguo wakaamriwa warudi kazini. Baadhi ya viwanda vilivyokuwa ndani ya jengo hilo vilikwisha kupitiwa na wakaguzi wa masuala ya kijamii, ambao hadidu zao za rejea hazikuwataka wachunguze uimara wa jengo.

Nitaongeza mfano mmoja tu, kwa sababu unagusa mazingira na watu kwa pamoja. Tarehe 25 Januari 2019, mchana, bwawa la topesumu, yaani mabaki ya tope yanayosalia baada ya kuchakata madini, la mgodi wa chuma wa kampuni ya Vale huko Brumadinho, Brazili, lilipasuka. Watu 270 walikufa, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa mgodi wenyewe, kwa kuwa ofisi na bwalo la chakula vilijengwa upande wa chini wa bwawa, katika njia ambayo tope lingepita. Mwaka uliotangulia, kampuni ya ukaguzi ya TÜV SÜD ilikuwa imethibitisha kuwa bwawa hilo ni imara. Kwa mtu anayepima uendelevu, ramani inayoonyesha bwalo likiwa chini ya bwawa ilistahili kuwa ukurasa wa kwanza wa ripoti, mbele ya picha yoyote ya mche uliopandwa.

Wahenga walituonya juu ya kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere. Mkaguzi wa leo huajiriwa na kampuni anayoikagua, au na muuzaji aliye chini ya kampuni hiyo. Hushindanishwa na wenzake kwa bei. Hupewa siku mbili kwa kiwanda chenye mamia ya wafanyakazi. Na akileta taarifa nzito, mwaka unaofuata kazi hupewa mwingine. Mfumo huu hauhitaji mtu mwovu ili uzae ripoti laini. Nimefanya kazi na wakaguzi waadilifu na wenye ujuzi mkubwa, na hata mikononi mwao nimeona maneno yakilegea kutoka rasimu moja hadi nyingine: "ukiukaji" unageuka "upungufu", "upungufu" unageuka "eneo la kuboreshwa", na rasimu ya nne inapowafikia mezani, waheshimiwa, haina tena kitu cha kuwakosesha usingizi. Ninaamini wengi wenu mngechukua hatua kama mngeisoma rasimu ya kwanza.

Dawa inajulikana, na ilikwisha kujaribiwa. Mwezi Mei 2013, baada ya Rana Plaza, kampuni kubwa za mavazi na vyama vya wafanyakazi vilitia saini mkataba wa Bangladesh kuhusu usalama wa moto na majengo, mkataba wenye nguvu ya kisheria. Wahandisi waliokagua hawakuchaguliwa na mwenye kiwanda; matokeo yalichapishwa kwa jina la kila kiwanda, yeyote akaweza kuyasoma; mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia katika jengo analoliona ni hatari; na kiwanda kilichokataa kujirekebisha kilipoteza biashara ya wanunuzi wote waliotia saini. Zaidi ya viwanda 1,600 vilikaguliwa kwa utaratibu huo. Ninaziomba mamlaka za masoko ya mitaji zichukue kanuni hiyohiyo: ada za uhakiki zilipwe katika mfuko wa pamoja, mhakiki apangwe na mamlaka badala ya kampuni, na abadilishwe kila baada ya miaka michache. Ninajua mtajibiwa kwamba mhakiki aliyepangwa na mtu wa nje hataifahamu biashara. Jibu langu ni kwamba ufahamu wa biashara hufundishika kwa miezi michache, lakini uhuru wa kusema hauwezi kufundishwa kwa mtu ambaye riziki yake imeshikwa na anayemsema.

Hesabu zenyewe nazo zina mlango wa nyuma. Niliwahi kupokea ripoti iliyojivunia kwamba ajali kazini zimepungua kwa zaidi ya nusu ndani ya mwaka mmoja. Nilipouliza kilichobadilika, nikaambiwa ni mafunzo. Nilipopitia orodha za mishahara nikagundua kuwa idara ya kupakia na kupakua mizigo, iliyokuwa na kazi za hatari kuliko zote, ilikabidhiwa kwa mkandarasi. Walikuwa watu walewale, katika ghala lilelile, wakiwa na sare za rangi nyingine. Migongo yao iliendelea kuumia, ila haikuhesabiwa tena. Ndiyo maana ninaomba kila takwimu ya usalama, mishahara na jinsia iwajumuishe vibarua na watu wa wakandarasi, na kila mabadiliko ya namna ya kuhesabu yaelezwe palepale penye takwimu, si katika kiambatisho.

Hali ni hiyohiyo katika gesi joto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia. Utaratibu wa kimataifa wa kuzihesabu unazigawa katika mafungu matatu: zile zinazotoka katika mitambo ya kampuni, zile zinazotokana na nishati inayoinunua, na zile zinazotokea katika mnyororo mzima wa thamani, tangu malighafi hadi matumizi ya bidhaa iliyouzwa. Kampuni ya mafuta inayotangaza kwamba imepunguza fungu la kwanza, huku mauzo yake yakiongezeka, haijagusa mzigo wake mkubwa, kwa kuwa mafuta huchomwa na mnunuzi. Fungu la tatu ni gumu kulihesabu, na makadirio yake huwa na makosa. Pamoja na hayo, kadirio lenye makosa lililoelezwa wazi linamfaa msomaji kuliko ukurasa mtupu.

Mwezi Septemba 2015 fahirisi ya uendelevu ya Dow Jones, yaani orodha ya kampuni zinazohesabiwa kuwa bora kwa uendelevu, iliitaja Volkswagen kuwa kinara wa sekta ya magari duniani. Mwezi huohuo ikabainika kwamba magari yake ya dizeli, takriban milioni 11, yalikuwa yamefungiwa programu iliyotambua wakati gari linapopimwa na kupunguza gesi chafu kwa muda huo tu; mwezi uliofuata kampuni ikaondolewa katika fahirisi. Kila nikikumbuka habari hiyo naziona glovu za yule mama. Programu ile na glovu zile viliandaliwa kwa ajili ya macho ya mpimaji, huku pafu na mkono vikiachwa kama vilivyokuwa.

Wapimaji wenyewe hawaelewani. Utafiti wa Florian Berg, Julian Kölbel na Roberto Rigobon, uliochapishwa mwaka 2022, ulilinganisha alama za uwajibikaji na uendelevu ambazo mashirika 6 ya ukadiriaji huzipa kampuni na kukuta kuwa uwiano kati ya alama hizo ni wastani wa 0.54 tu, ilhali 1 ingemaanisha kwamba zinaafikiana kabisa, na kwamba sehemu kubwa ya tofauti inatokana na namna kila shirika linavyopima jambo lilelile. Bodi inayotaka kujisifu haikosi, basi, shirika moja la kuipa alama nzuri, na bodi inayotaka kweli kujua hali yake haipati jibu. Ninawasihi msikubali alama moja iliyojumlishwa iwe ndiyo tathmini. Alama ya jumla huchanganya maji yaliyochafuliwa na sera nzuri ya likizo ya uzazi, kisha hutoa namba isiyoweza kumsaidia mtu anayekunywa maji wala mzazi.

Kuhusu viwango nitasema kwa ufupi. Viwango vya IFRS S1 na S2, ambavyo ni viwango vya kimataifa vya kuwapa wawekezaji taarifa za uendelevu, vilivyotolewa mwezi Juni 2023, vinauliza ni mambo gani ya uendelevu yanayoweza kuathiri matarajio ya kifedha ya kampuni. Viwango vya GRI, ambavyo navyo hutumika kimataifa kuandaa ripoti za uendelevu, vinauliza kampuni inawaathirije watu na mazingira. Swali la kwanza ni halali, na mwekezaji ana haki ya kuliuliza. Lakini mto unaweza kufa bila bei ya hisa kutikisika, na kampuni iliyoishia kwenye swali la kwanza itakuwa imetoa ripoti sahihi ambayo mto huo haumo. Ninafahamu malalamiko ya gharama na wingi wa makaratasi. Mwezi Februari 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza kupunguza sana idadi ya kampuni zinazolazimika kutoa ripoti hizi. Kupunguza kurasa naunga mkono kwa moyo wote, maana nimezisoma nyingi zisizo na maana. Ninachopinga ni kufuta swali la pili kwa kisingizio cha kupunguza kurasa.

Ombi langu kubwa, na ambalo halihitaji sheria mpya, ni hili. Kabla ripoti haijachapishwa, sehemu yake inayohusu kiwanda, mgodi au shamba fulani isomwe kwa watu wanaofanya kazi na kuishi hapo, kwa lugha wanayoizungumza, katika mkutano usioongozwa na kampuni. Waulizwe kama ndivyo ilivyo. Majibu yao yachapwe ndani ya ripoti hiyohiyo, karibu na madai yenyewe, bila kuhaririwa isipokuwa kuficha majina ya wanaoomba kufichwa. Hesabu za fedha haziwafikii wanahisa bila maoni ya mkaguzi. Hesabu zinazohusu maisha ya watu zinastahili maoni ya watu hao. Itatokea kwamba baadhi ya majibu yatakuwa na makosa, chuki au matarajio yasiyowezekana. Kampuni iandike majibu yake chini, naye msomaji apime. Katika miaka yangu yote ya kazi hii, taarifa iliyonifundisha mengi kuliko zote ilikuwa kurasa mbili za maandishi ya mkono zilizoletwa na wawakilishi wa wafanyakazi, nazo zilikataliwa kuambatanishwa kwa sababu hazikuwa katika muundo uliokubalika.

Marupurupu ya watendaji nayo yafuate mkondo huo. Mwezi Mei 2020 kampuni ya uchimbaji madini ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge huko Australia Magharibi, yenye ushahidi wa watu kuyatumia tangu miaka 46,000 iliyopita, bila ya ridhaa ya wenyeji wa asili wa eneo hilo. Bodi ilianza kwa kukata bonasi. Ni baada ya wawekezaji kupaza sauti ndipo ilipotangazwa kwamba mtendaji mkuu ataondoka. Wawekezaji wasingelazimika kusukuma kama mikataba ya ajira ingekuwa imeeleza mapema kwamba madhara makubwa kwa watu hufuta bonasi ya mwaka, hata kama mauzo yamepanda.

Mwisho, ninaomba jambo dogo kwa kila bodi. Kabla ya mkutano mkuu ujao, mjumbe mmoja afuatane na mhakiki katika zamu ya usiku, bila taarifa kutangulia. Msimamizi aombwe asubiri nje. Aangalie mikono kabla ya kuangalia glovu, na aongee na watu ambao hawamo kwenye orodha. Na mmoja wao akimuuliza kama jina lake litaandikwa, mjumbe huyo awe na jibu lililotiwa saini na bodi nzima, linaloeleza ni nini kitakachomlinda mfanyakazi huyo asubuhi atakaporudi kazini.

Ninawasilisha kwa heshima,

Mhakiki wa ripoti za uwajibikaji na uendelevu